Glosi ya mafuta, rangi ya maji, rola ama spray: mbao za ndani uzipake vipi ukiwa Lamu

Maulidi yakikaribia, ama kukiwa na arusi nyumbani, kila mtu Lamu anakumbuka milango yake. Kuta hazina taabu, emalshen unasukuma na rola umemaliza, taabu ni mbao: mlango wa chumbani, fremu, kabati ya jikoni, ngazi, skatingi. Manake ukuta ukiwa na kasoro hakuna anayesimama kuutazama, lakini mlango unapishana nao kila saa, na taa ikiwaka upande mmoja mistari yote ya brashi inajitokeza, na yale machozi ya rangi yaliyokaukia chini ya paneli ndo hayaondoki tena mpaka msasa.

Sasa ukiuliza utachanganyikiwa. Mmoja anakwambia glosi ya mafuta ndio rangi, mwengine anasema hiyo ni ya wazee siku hizi ni rangi ya maji, kijana wa karakana ya makabati anataka akupulizie spray, jirani naye ana rola ndogo ya sponji na anaapa hakuna kama hiyo. Wote wana ukweli wao, ila kila mmoja anaongea kwa kazi anayoifanya yeye, na nyumba yako huenda si kama yake. Basi nimezipanga zote nne hapa, zipimwe kwa vipimo vile vile.

Tunapima nini

Ulaini ndio wa kwanza, lakini elewa kwanza unatoka wapi. Rangi ikitoka kwenye brashi haikai sawa, nywele zinaacha mifereji midogo yenye kingo zilizoinuka. Ikipata muda ikiwa bado mbichi inajishusha yenyewe, mifereji inajaa, uso unakuwa mmoja, hapo tunasema rangi imelala. Ikikauka kabla ya kulala basi mifereji imebaki hivyo hivyo na hakuna brashi itakayoiondoa, ukirudia juu yake unaharibu zaidi. Kwa hivyo karibu ufundi wote ni kuipa rangi nafasi ya kulala alafu uiwate, na hizi njia nne zinatofautiana hasa kwa namna kila moja inavyoitafuta hiyo nafasi.

Cha pili ni hali ya hewa, na hapa ndo ushauri mwingi wa kutoka bara unapotea njia. Kaskazi, Disemba mpaka Machi hivi, kuna ukavu na upepo, rangi inakimbilia kukauka na vumbi linaruka. Kusi inaingia na mvua zake, mwezi wa tano ndo usiseme, hewa imejaa maji na kile kilichoandikwa saa 16 kwenye kopo kinakula siku mbili. Makopo mengi yanakwambia usipake unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, na usiku wa kisiwani kufika hapo si ajabu hata kidogo.

Alafu kuna muda na usumbufu, yaani nyumba itakaa siku ngapi na harufu, na watoto watalala wapi. Kuna vifaa, manake huku kila kopo limevuka maji kutoka Mokowe, na kitu ukikikosa kisiwani kazi inasimama. Na kuna mkono, yaani njia inamsamehe anayejifunza ama haimsamehi.

Kabla ya njia yoyote

Hili halina mjadala, mbao isipoandaliwa zote nne zitakuaibisha. Osha kwanza kwa sabuni, hasa karibu na kitasa pale mikono inaposhika na jikoni kwenye mafuta, suuza, acha ikauke kweli. Mbao mbichi piga msasa namba 120, baina ya mkono na mkono, yaani tabaka moja la rangi na jengine, tumia 180 ama 220, kabla ya mkono wa mwisho 320, na kila mara ufuate nyuzi za mbao usikate kati, ukikata kati ile mikwaruzo inakuja kuonekana chini ya glosi. Mashimo tia fila, ikikauka ipige msasa iwe sawa na mbao. Mbao laini kama paini na saipresi zina vifundo vinavyotoa utomvu, vipake shelaki, ile vanishi ya kuzibia utomvu, kabla ya praima la sivyo baada ya miezi utaona duara la kahawia limechomoza kwenye mlango mweupe.

Nyumba ya zamani usipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani. Rangi nyingi za miaka iliyopita zilikuwa na risasi, ile madini, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Tumia msasa wa maji, lowesha, futa, tupa matambara.

Na rangi yenyewe ichuje kwa kipande cha soksi laini ya kike, hata kama kopo ni jipya. Ngozi moja ndogo iliyoganda ikiingia kwenye brashi inakuchorea mstari mlango mzima. Kabla hujafungua kopo fagia, nyunyiza maji kidogo sakafuni vumbi litulie, subiri, ndo uanze.

Njia ya kwanza: brashi na glosi ya mafuta

Ulaini. Kwa brashi peke yake hii inashinda, sababu mafuta yanakauka polepole na rangi inapata muda mrefu wa kulala. Lakini haiji bure, iko kwenye mkono, na mkono wenyewe una hatua tatu: weka, tandaza, vuta.

Tuseme uko kwenye paneli moja ya mlango, brashi ya inchi 2. Unachovya theluthi moja ya nywele, sio mpaka kwenye bati, unaigonga taratibu ndani ya kopo huku na huku, huipanguzi kwenye ukingo manake ukipangusa umeiacha brashi kavu upande mmoja. Unaweka mistari miwili mitatu ya kusimama, imeachana. Bila kuchovya tena unatandaza kwa kukata, kushoto kulia, mpaka ile mistari ishikane na rangi ienee unene mmoja. Alafu ndo kuvuta: brashi sasa haina rangi nyingi, unaishika kwa kulala kidogo, ncha tu inagusa, unashuka kutoka juu mpaka chini kwa mvuto mmoja kufuata nyuzi, na ukifika mwisho unaiinua brashi ikiwa bado inatembea. Mvuto wa pili unapanda kidogo juu ya wa kwanza. Ukifika ukingo wa pili umemaliza, toka hapo. Utaona mistari bado ipo na mkono utakuwasha urudi kuisawazisha, usirudi, ondoka nenda paneli nyengine, ukija kutazama baadaye imeshalala.

Mlango wa paneli una mpangilio wake: mapambo ya pembeni ya paneli na paneli zenyewe kwanza, kisha ule ubao wa kusimama katikati, kisha mbao za mlalo kutoka juu kuja chini, mwisho zile za kusimama za pembeni na kingo. Ukifuata hivyo kila kiungo kinamalizwa na mvuto unaofuata nyuzi zake. Kwenye kona za paneli ndiko machozi yanakozaliwa, rangi inajikusanya humo, kwa hivyo ukimaliza paneli pitisha ncha kavu kwenye kona zote nne uinyonye ile ziada.

Kasoro yake kubwa ni kwa weupe. Glosi nyeupe ya mafuta ikikaa pahala pasipo na mwanga inageuka manjano, na nyumba zetu za mawe vyumba vya ndani havioni jua. Rangi za giza, kahawia, kijani, buluu, haina shida hiyo.

Hali ya hewa. Kaskazi inaipenda, mradi ufunge madirisha ya upande upepo unakotoka, manake inakaa mbichi saa kadhaa na kila chembe inayoruka inatua. Anza asubuhi umande ukishakauka, isipite alasiri. Ukimaliza magharibi na taa umewasha, wale wadudu wadogo wa taa wote watajibandika mlangoni, na unyevu wa usiku ukiikuta mbichi mng'aro unafifia. Wakati wa mvua ningesema subiri tu.

Muda na usumbufu. Baina ya mkono na mkono saa 16 mpaka 24 hewa ikiwa nzuri, andakoti moja na glosi mbili ni siku tatu nne, na harufu yake siku zote hizo. Kuna mtu wa pumu ama mtoto mchanga, hama ama usiitumie.

Vifaa. Brashi nzuri, tapentaini ama white spirit ya kuzimulia na kuoshea, basi. Rangi ikiwa nzito izimue asilimia 5 mpaka 10, yaani lita moja mililita 50 mpaka 100, isizidi hapo manake inaanza kutiririka na haifuniki. Kuna watu wanazimua na petroli kwa sababu iko karibu, hiyo inaruka haraka mno rangi haipati kulala, na ndani ya nyumba yenye jiko ni kutafuta moto. Mafuta ya taa nayo yanabaki ndani ya rangi, unakuta mlango una siku tatu na bado unanata.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: brashi za nywele halisi, zile zimeandikwa pure bristle kwenye mpini, kwa kawaida ni nywele za nguruwe. Wako wasiojali, na wako ambao hawataki hata kuishika seuze kuipitisha kwenye mlango wa nyumba wanayosali. Malaysia mwaka 2017 maafisa waliingia madukani wakakamata brashi zaidi ya 2,000 kwa jambo hili hili. Usisumbuke, brashi za nailoni na polista za kupakia mafuta zipo na zinafanya kazi vizuri, cha kuangalia ni ncha za nywele ziwe zimechongoka na kugawanyika, sio zimekatwa butu, na ukizipinda kwa kidole zirudi zenyewe.

Mkono. Inasamehe kwa muda, haisamehi kwa uzito. Ukipaka nene italia.

Inamfaa nani: mwenye milango ya paneli na fremu za mapambo, rangi ya giza, nyumba inayoweza kuachwa siku kadhaa, na asiye na haraka.

Njia ya pili: brashi na rangi ya maji ya mbao

Hapa nasema glosi ama satini ya maji iliyotengenezwa kwa mbao, sio emalshen ya ukuta, emalshen mlangoni inashika uchafu na kuchubuka.

Ulaini. Kwa brashi itabaki na mistari hafifu ukilinganisha na mafuta, sababu inakauka haraka na muda wa kulala ni dakika chache. Ndio maana mtu aliyezoea mafuta akihamia huku analalamika, anatandaza na kuvuta vile vile kwa raha zake na rangi inaanza kushika mkononi mwake. Huku ni kinyume: weka rangi ya kutosha, tandaza kwa mivuto michache, vuta mara moja, ondoka, yote ndani ya dakika moja hivi kwa kipande kidogo. Daima peleka brashi kutoka pakavu kuja kwenye ukingo mbichi, na usiache ukingo ukauke katikati ya ubao, malizia kiungo kizima ndo upumzike. Satini inaficha mistari kuliko glosi, mimi kwa rangi ya maji ningechukua satini bila kufikiri. Na weupe wake unabaki weupe hata chumba kiwe giza, hapo inawashinda ndugu zake wa mafuta kabisa.

Hali ya hewa. Adui wake ni kaskazi. Upepo na joto vinaikausha brashini. Funga madirisha, zima feni ya dari, lowesha brashi na maji uikung'ute kabla ya kuanza, na usipake mbao iliyopigwa na jua. Kopo likiruhusu tia maji kidogo. Kusi inavumilika, hewa nzito inaipa muda wa kulala hata, ila itachelewa kuwa ngumu. Na kuna hili: rangi ya maji ikikauka juu bado ndani ni laini kwa siku nyingi, na joto letu hili na unyevu, mlango ukiufunga mapema unagandana na fremu, ukiuvuta unabanduka vipande. Uwache wazi siku kadhaa, usiku weka kigingi tu.

Muda na usumbufu. Saa 2 mpaka 4 baina ya mikono, asubuhi moja na alasiri moja, mlango umekwisha kwa siku. Harufu ndogo. Nyumba iliyojaa watu hii ndio inayoishi nao.

Vifaa. Brashi lazima iwe ya nailoni ama polista, ile ya nywele halisi inanywa maji na kulegea. Kuosha ni maji na sabuni, maji baridi ya mfereji, sio ya baharini. Ukiipaka juu ya glosi ya zamani ya mafuta bila msasa na praima ya kushikisha, haikai, utakuja kuibandua kwa kucha. Na mbao mbichi mkono wa kwanza utazisimamisha nyuzi, utahisi kama ndevu za siku moja, usishtuke, 220 taratibu alafu endelea.

Mkono. Haina machozi mengi, lakini inamuadhibu mwenye kuchezacheza. Anayejua kuacha ataipenda.

Inamfaa nani: nyumba yenye watoto, vyumba vya giza vinavyotakiwa vyeupe, nyumba ya kukodisha ambayo mgeni anatoka leo na mwengine anaingia kesho kutwa.

Njia ya tatu: rola ndogo, kisha brashi

Ulaini. Kwa uso mpana ulio bapa, milango isiyo na paneli, kabati za mbao za kiwandani kama MDF na blokbodi, rafu, hii inakaribia spray kwa pesa ndogo sana. Siri ni kwamba rola inasambaza rangi unene mmoja kila pahala, kazi ngumu ya kutandaza imeshafanyika, brashi inakuja kuvuta tu. Rola ya inchi 4, sponji iliyobana ama manyoya mafupi. Unapaka eneo la upana wa mikono miwili hivi, alafu papo hapo brashi kavu pana unaipitisha kwa ncha, juu mpaka chini. Usipovuta, rola inaacha uso wa ngozi ya chungwa, na sponji ikisukumwa kwa nguvu inaacha mapovu yanayopasuka yakawa vitundu. Wanaopaka boti za faiba wanaifanya kila siku, mmoja mbele na rola mwengine nyuma na brashi, na kwa kweli ni kazi ya watu wawili, peke yako unawahi mlango mmoja ukiwa mwepesi.

Hali ya hewa. Inafuata rangi uliyotia, mafuta ama maji. Ila kwa kuwa rola ina kasi, rangi ya maji wakati wa kaskazi inapona humu kuliko kwa brashi peke yake.

Muda. Kupaka kwenyewe ni haraka, kukauka ni kule kule.

Vifaa. Rola, trei, brashi. Za sponji nunua kadhaa, ya mafuta ukiitumia mara moja haioshiki kwa maana, na ya bei rahisi kabisa inamenyeka ikaacha vipande ndani ya rangi.

Mkono. Nyepesi kujifunza kuliko zote, nasema hivyo bila wasiwasi.

Inamfaa nani: mwenye kabati na milango bapa na mtu wa kumsaidia. Kwenye mapambo, kona na mbao za kuchongwa haina kazi, rola haifiki na ikifika inajaza rangi.

Njia ya nne: spray

Ulaini. Hakuna brashi hakuna mstari, rangi inatua tayari imelala. Bunduki inashikwa sentimita 15 mpaka 25 kutoka kwenye mbao, inatembea sambamba bila kuzungusha kiwiko, kila pito linafunika nusu ya lililotangulia, na mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Madirisha ya luva na viti vya vijiti vingi, ambavyo kwa brashi vitakuchosha mpaka ukate tamaa, huku ni dakika.

Hali ya hewa. Hapa kuna mtego wa pwani. Zile rangi na vanishi za NC (nitrocellulose) zinazokauka upesi, thina yake inaruka haraka inaupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewani unatulia juu yake, ukitazama unakuta ukungu mweupe ndani ya vanishi. Huku wakati wa mvua ni jambo la kutarajia. Dawa ni siku kavu, mchana, ama thina ya kuchelewesha. Na nje huwezi, upepo unachukua nusu ya rangi kuipeleka kwa jirani.

Muda na usumbufu. Kupuliza ni dakika, kuziba ndio kazi. Ndani ya nyumba inayokaliwa, yenye zidaka na chokaa ya zamani ukutani na fanicha zisizohamishika, ile pumzi ya rangi inaingia kila tundu, utaziba na magazeti na nailoni siku nzima. Kwa hivyo njia ya maana ni kung'oa mlango kwenye bawaba uupeleke karakana, na mlango unapita kwenye vichochoro mabegani mwa watu, unatoka na kurudi, kila safari ni nafasi ya kugongwa kona.

Vifaa. Kompresa, bunduki, thina nyingi, na stima isiyokatika katikati ya mkono. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu kwa mvuke, inatakiwa ile ya vichujio. Zile rangi za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi, ni hatari zaidi kwa mapafu, muulize fundi kama ana kinga ya kuletewa hewa safi, akicheka mpe kazi nyengine. Na moto wowote karibu, jiko, sigara, uzimwe.

Mkono. Haina huruma. Mwenye uzoefu anakupa kioo, asiyejua anakupa machozi mlango mzima kwa sekunde. Na baadaye ukikwaruzika huwezi kugusia kwa brashi pasionekane, inabidi upulizwe ubao mzima tena.

Inamfaa nani: seti ya kabati mpya kabla hazijafungwa, luva, fanicha, na mwenye fundi anayemjua kazi yake.

Milango ya kuchongwa

Hii iko nje ya zote nne. Kama mlango wako ni wa kale, wenye mfaa, ule ubao wa kusimama katikati, na nakshi, wa mvule ama msaji, usiutie glosi yoyote. Kila mkono wa rangi unajaza mchoro kidogo, miaka ikipita ua linakuwa donge. Safisha kwa brashi laini kavu, ukitaka kuulisha pitisha mafuta ya linsidi kidogo sana kwa kitambaa alafu ufute ziada yote. Vile vitambaa usivikunje ukavitupa kwenye kona, mafuta hayo yakikauka yanatoa joto na lundo linaweza kuwaka lenyewe, vitandaze nje ama vitie ndani ya maji. Na nyumba ikiwa ndani ya Mji wa Kale, ambao tangu 2001 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ulizia kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kuugusa mlango wa mbele.

Sasa wewe uko wapi

Kama ni milango ya paneli, rangi ya kahawia ama kijani, na kaskazi bado ipo, chukua glosi ya mafuta na brashi nzuri, lala kwa ndugu siku tatu.

Milango hiyo hiyo lakini unaitaka nyeupe na chumba hakina dirisha, basi satini ya maji, na ukubali vile vimistari hafifu, ni bora kuliko manjano. Kama nyumba ina mtoto mchanga ni hiyo hiyo, hata rangi iwe ya giza.

Kabati za jikoni zilizo bapa na tayari ziko ukutani, rola na brashi. Vua milango yake uilaze juu ya meza, rangi ikiwa imelazwa haina pa kutiririkia. Kama kabati bado ziko kwa seremala hazijaletwa, mwambie azipulize huko huko, hapo spray haina mpinzani.

Umekodi fundi na yeye ana njia yake, mwache aitumie, usimlazimishe mtu wa mafuta apake rangi ya maji kwa mara ya kwanza kwenye mlango wako. Mpe nyuma ya mlango wa kabati ajaribu kwanza, wewe tazama ukikauka, na taa iwe ya pembeni.

Na kama shughuli ni wiki ijayo na mvua ndo zimeanza, paka fremu na milango ya mbele tu kwa rangi ya maji, zilizobaki ziosheni zipigwe kitambaa, mtamalizia Disemba.